Huyu Anayening'inia ni wa Nani?

Naanza kwa kuisifu serikali yangu, nisije nikasahau mbele ya safari. Sisi wananchi wa Jamhuri ya Tulizana tuna bahati ambayo majirani wanaililia: kwetu hakuna jambo linaloachwa hivi hivi. Mtu akizaliwa anaainishwa. Akioa anaainishwa. Akifa anaainishwa kwa mara ya mwisho, na familia inapewa stakabadhi. Sasa wewe unayesoma huko uliko, ukianza kucheka na kusema "mbona hata kwetu," shauri yako. Mimi nimesema Tulizana.

Mimi ni fundi cherehani. Siku ya tukio nilikuwa kwenye foleni nje ya Jumba la Kodi, nasubiri kuambiwa mimi ni nani. Si kwamba nilikuwa sijijui. Ni kwa mujibu wa Sheria ya Jasho, iliyopitishwa na Bunge letu kwa makofi na vigelegele, kwamba kila anayetokwa na jasho lazima ijulikane jasho lile ni la nani. Kama una mwajiri, wewe ni Mwajiriwa: mwajiri anakukata kodi kila mwezi na kuipeleka, anakuchangia mafao ya uzeeni, ukiugua anakupa ruhusa, ukivunjika anakutibu. Kama huna, wewe ni Mjitegemea: kodi unaipeleka mwenyewe, uzee unajichangia mwenyewe, na ukiugua unajipa pole.

Basi waajiri wote wa nchi yetu, waungwana kabisa, walipoisoma sheria ile wakagundua siku hiyo hiyo kwamba hawajawahi kuajiri mtu. Walimu wakaambiwa wao ni Wajitegemea waliokuwa wakipita darasani kila asubuhi kwa hiari yao. Dereva wa basi la kampuni akaambiwa yeye ni mfanyabiashara huru ambaye kwa bahati tu alikuwa anaelekea njia moja na abiria. Muuguzi mmoja wa zamu aliyeuliza swali alijibiwa kwamba mtu huru haulizi.

Mamlaka ya Kodi ikaiona janja hiyo, ikakasirika. Ikatunga Vipimo Vitatu na kuvibandika mlangoni kwa herufi za shaba. Nani anakuelekeza? Chombo unachofanyia kazi ni cha nani? Saa nne unakunywa chai ya nani? Majibu yakimwangukia mtu mmoja, huyo ndiye mwajiri wako, apende asipende, na deni lote la nyuma ni lake. Hicho kipimo cha tatu wageni hukicheka, lakini ndicho kikali kuliko vyote. Kwetu ikifika saa nne asubuhi hata mahakama inasimama, hakimu na mshitakiwa wanapuliza vikombe. Anayekupa chai ya saa nne ndiye mwenye wewe.

Sheria nzuri, tena sana. Tatizo likawa moja dogo, nalo lilikuwa linaning'inia kwenye ukuta wa Mamlaka yenyewe.

*

Jumba la Kodi ni refu. Upande wa kushoto wote ni Idara ya Waajiriwa, upande wa kulia wote ni Idara ya Wajitegemea, na idara hizi mbili hazisalimiani. Katikati, kuanzia chini mpaka juu, ni vyoo. Vyoo havina idara.

Aliyekuwa akilipaka rangi jumba hilo, mwaka baada ya mwaka, ni Fundi Malugu, mtu wa bondeni, mwembamba, mwenye masihara. Alilipaka bluu, akabadilishwa waziri, akalipaka kijani, waziri akabadilishwa tena. Ila yeye mwenyewe ni wa nani, hilo halikupata kuamuliwa. Idara ya kushoto ilisema ni wa kulia, ya kulia ikasema ni wa kushoto, na zote mbili zilikuwa zinamtoza kodi wakati mashauriano yakiendelea. Alipougua malaria alikwenda kushoto kuomba ruhusa. Wakamwambia, "Wewe mtu huru bwana, jipe mwenyewe." Akaenda kulia. Wakamwambia, "Mtu huru anaombaje ruhusa? Una mashaka gani na uhuru wako?" Akapaka ghorofa mbili huku anatetemeka.

Ili asije akaangukia kwenye kipimo cha pili, alikatazwa kugusa kamba, ngazi wala ndoo ya Mamlaka. Alileta vyake. Ubao aliokuwa anakalia juu kule ulishikwa na kamba mbili. Moja ilikuwa yake, ya katani, imeshazeeka. Ya pili ya nailoni, ya kuanikia nguo, aliiazima kwa Bi. Nyamizi.

Bi. Nyamizi ni mama lishe wa pale getini, mtu wa mlimani, mnene, ana sauti ya kuita mbuzi waliovuka mto. Yeye na Malugu walikuwa watani. Mababu wa mlimani na wa bondeni walipigana mpaka wakachoka, wakapatana kwamba vita viendelee kwa maneno peke yake. Ndiyo maana mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, na ukinuna wewe ndiye mshamba. Ukifiwa, mtani ndiye anayejilaza kaburini akidai kuku ndipo atoke. Kila saa nne Malugu alikuwa anakwenda kwa Bi. Nyamizi, anachukua chai na andazi bila kulipa, anaitwa kupe, anaondoka anacheka.

*

Siku hiyo Waziri alikuwa anatarajiwa kesho yake kuja kusoma hotuba ya makadirio, na rangi ya mwaka ilikuwa njano. Malugu alikuwa ghorofa ya saba, ameshamaliza upande wa kushoto, anaanza kuvuka katikati. Kengele ya saa nne ikalia. Maofisa wakamiminika uani na vikombe vyao.

Paa!

Kamba ya katani ilikatika. Ubao ukageuka, ndoo ikashuka yote na kupasukia kwenye boneti la gari la Kamishna Mkuu. Tulipoinua macho, Fundi Malugu alikuwa ameishika ile kamba ya kuanikia nguo kwa mikono miwili, miguu inapapasa hewani.

"Mama yangu weee!" foleni nzima ikapiga kelele.

Kamishna Mkuu, Dakta Barakaeli Pongwa, alikuwa amesimama uani na kikombe mkononi. Ni msomi mkubwa, shahada zake haziingii kwenye kadi moja. Alilitazama gari lake. Akamtazama Malugu. Halafu akauliza swali ambalo ndilo lililompa cheo: "Huyu anayening'inia ni wa nani?"

Kijakazi, namaanisha karani mmoja wa mapokezi, akaanza kupaza sauti, "Fundi, shika kwa..." Hakumaliza. Mwanasheria wa Mamlaka, Bi. Eufrasia, alimziba mdomo kwa kiganja.

"Unataka kutuua?" alimwambia. "Ukimwelekeza, umemwajiri!"

Hapo ndipo tulipoelewa. Kipaza sauti kikatolewa upesi na tangazo likasomwa: ye yote atakayemwelekeza fundi aliye juu jinsi ya kushika, kushuka, kupumua au kufanya lolote linalohusiana na kazi yake, atatambuliwa kisheria kuwa ndiye mwajiri, pamoja na deni lote la nyuma. Wananchi wanaombwa kuendelea kuwa na huruma kimyakimya.

Uani pakanyamaza. Ungeweza kusikia chai inavyopoa.

Kule juu, dirisha la Idara ya Waajiriwa lilikuwa wazi, mkono wa kushoto wa Malugu. Mtu akichungulia angeweza kumvuta shati. Tukamwona ofisa mmoja amechungulia kweli. Akawaza. Huyu akiingia kwetu, ni Mwajiriwa wetu, na michango yake ya miaka yote tutaitoa wapi? Akalifunga dirisha, tukasikia komeo. Kulia nako wakawaza. Huyu akiingia kwetu ni Mjitegemea, na sisi juzi tu tumewatoza matajiri wa mjini faini kwa kusema wapaka rangi ni Wajitegemea. Komeo la pili likalia.

"Jamani!" Malugu aliita kutoka juu.  "Jamani, kamba inakatika!"

Dakta Pongwa akachukua kipaza sauti. "Fundi, Mamlaka imepokea taarifa yako."

"Nisaidieni!"

"Fundi, sikiliza. Hapana, futa hilo, usisikilize. Yaani ukisikiliza ni hiari yako. Mamlaka haikuambii ushike. Mamlaka inakufahamisha tu kwamba kushika kupo, na kwamba watu wengi duniani, wakiwa katika mazingira kama yako, wamekuwa wakishika kwa mafanikio."

Bi. Eufrasia akamnong'oneza kwamba hata hilo linakaribia mpaka. Kamishna akarudisha kipaza sauti.

*

Zimamoto walifika mapema, nawapongeza. Gari lao jekundu lilikuwa na ngazi ndefu kuliko jumba lenyewe. Kamanda akashuka, akapiga saluti, akauliza mwajiri yuko wapi aweke sahihi.

"Hilo ndilo tunalolichunguza," akasema Dakta Pongwa.

"Basi kama ni Mjitegemea, aje na ngazi yake," akasema Kamanda. "Na kama nikimpa hii, ngazi si chombo? Kipimo cha pili, mheshimiwa. Mimi nina watoto." Akawaambia vijana wake waizime injini, mafuta ni ya umma.

Nyuzi za ile nailoni zikaanza kuachia. Uzi mmoja ukakatika, tukauona unajikunja juu ya kichwa chake kama mkia wa nguruwe. Mwili wa Malugu ukashuka kidogo, ukagota. Mwanamke nyuma yangu akaanza kusali kwa sauti ya chini, halafu akasita na kumuuliza Bi. Eufrasia kama kuomba dua ni kuelekeza. Bi. Eufrasia akasema inategemea unamwelekeza nani.

Kilichoniuma, na bado kinaniuma hadi leo, ni kwamba njia ilikuwepo. Chini ya miguu ya Malugu, kimo cha mtu mmoja, kulikuwa na dirisha la choo. Liko wazi, pana, lile lisilo na idara. Angejiachia kidogo kwenye kamba, akajisukuma ukutani, angeingia. Foleni nzima ililiona. Maofisa waliliona. Kamanda aliliona, akajifanya anakagua matairi. Yeye peke yake ndiye hakuliona, kwa sababu alikuwa amefumba macho. Hofu ilikuwa imemkausha. Mikono imekaza, shingo imezama mabegani, anatetemeka kama alivyotetemeka na ile malaria yake.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno. Fumbua macho, tazama chini, teleza! Maneno matano tu! Lakini nina cherehani moja na watoto wanne, na deni la miaka yote ya Malugu lingetuuza sote na cherehani juu. Nikameza. Kila mtu pale alikuwa anameza. Nikawachukia wote, nikajichukia na mimi.

Uzi wa pili ukakatika.

*

"Ehee! Amekufa, siyo?"

Tukageuka. Bi. Nyamizi alikuwa anaingia getini, anarudi kutoka kuuza mtaani, na sinia la maandazi kichwani. Alisimama katikati ya ua, akatazama juu. Niliona kidevu chake kinacheza. Kisha akatua sinia chini, akavua kanga ya mabegani, akajifunga kibwebwe.

"Mama, usimwelekeze," Bi. Eufrasia akamwonya. "Sheria..."

"Nimwelekeze nani, mwanangu? Maiti?" Akajibwaga chini katikati ya uani, miguu mbele, akaanza kilio. "Uwiii! Mtani wangu kafa! Leteni majembe! Chimbeni shimo fupi, watu wa bondeni wafupi, tusipoteze nguvu!"

"Mama, hajafa bado," Kamishna akasema.

"Ah, anachelewesha tu. Watu wa bondeni hata kufa wavivu. Haya, sisi watani tugawane mali kabla jua halijawa kali. Redio yake ni yangu! Baiskeli yake yangu! Na yule jogoo mweupe anayelala naye chumba kimoja, huyo nampeleka jikoni leo leo. Supu!"

Kule juu kichwa kikasogea.

"Na mjane wake," Bi. Nyamizi akaongeza sauti, "namwoza kaka yangu Shija. Yule mwenye meno yaliyogombana. Harusi Jumamosi!"

"Weee Nyamizi!" Sauti ikashuka kutoka ghorofa ya saba, imepasuka lakini ina moto. "Jogoo wangu usimguse!"

"Marehemu hasemi! Nani amempa marehemu ruhusa ya kusema?"

"Mimi sijafa!"

"Umekufa! Ungekuwa hai ungefumbua macho! Lakini watu wa bondeni, wapi! Choo wenyewe wamekianza juzi. Dirisha la choo liko pale, chini ya nyayo zake, limemwachia mdomo wazi, na yeye hajui hata ni kitu gani! Anadhani ni kaburi! Anaogopa choo! Mtani wangu kafa kwa kuogopa choo, uwiii!"

Malugu akafumbua macho. Akatazama chini. Naapa nilimwona akiliona.

"Nitakuja huko chini," akapiga kelele, "na utanitambua!"

"Utakuja na miguu gani? Hiyo ya kuku? Shija, lete ndoo tumchotee supu!"

Hapo akaachia mkono mmoja. Foleni ikashika roho. Akateleza, kamba ikamchuna viganja, akapiga ukuta kwa miguu yote miwili, akaenda nje, akarudi. Uzi wa tatu ukaachia ng'a! Akapiga ukuta tena, akatupa miguu, akaingia dirishani mpaka kiunoni. Kamba ikamkatikia mkononi. Akabaki nusu ndani nusu nje, makalio yanatutazama, halafu akavutwa na uzito wake mwenyewe na kutoweka. Tukasikia kishindo, na maji yakimwagika.

Sijawahi kusikia kelele kama zile, hata siku ya uhuru. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Bi. Nyamizi hakupiga kelele. Alibaki amekaa pale pale chini, amejifunika uso kwa kanga, na mabega yanapanda na kushuka. Sasa alikuwa analia kweli.

*

Nilidhani limeisha. Nilikuwa nimesahau niko nchi gani.

Malugu aliposhuka, viganja vinatoka damu, Kamishna Mkuu alikuwa ameshaketi mezani, meza imewekwa uani, kitambaa cha kijani juu yake. Aliita watu wanyamaze.

"Nchi imepata ufumbuzi," akasema. "Kipimo cha kwanza. Nani amemwelekeza fundi?"

"Mheshimiwa, mimi sijamwelekeza mtu," akasema Bi. Nyamizi. "Nimemtukana."

"Umemtukana, naye akafanya kazi upesi. Mama, hiyo ndiyo ajira. Wewe ulifikiri humu ofisini tunaelekezwa vipi?"

Maofisa nyuma yake wakaitikia kwa vichwa, bila kutaka.

"Kipimo cha pili. Kamba iliyomshika ni ya nani?"

"Yangu, na mnirudishie vipande. Nina nguo za kuanika."

"Iandikwe. Kipimo cha tatu. Saa nne fundi huyu anakunywa chai ya nani?"

Macho yote yakageuka.  Andazi lake alilowekewa, limefunikwa kisahani, lilikuwa pale getini.

"Vitatu kwa vitatu," akasema Dakta Pongwa, na nilimwona anapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Bi. Nyamizi, Mamlaka inakutambua kuwa mwajiri wa Malugu tangu siku ya kwanza alipogusa ukuta huu. Kodi yake yote, michango yake yote, ni juu yako. Hongera."

Idara ya kushoto na idara ya kulia zikapeana mikono. Ilikuwa mara ya kwanza. Bi. Nyamizi akalitazama sinia lake la maandazi. 

Malugu alikuwa amezungushiwa viganja kipande cha kanga. Akamgeukia mwanasheria. "Kwa hiyo mama, mimi ninaye mwajiri?"

"Unaye," akasema Bi. Eufrasia.

"Kabisa? Kisheria?"

"Kisheria."

Akatembea mpaka mbele ya mtani wake. Nilidhani atamtania. Alisimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Bosi," akasema. "Naomba ruhusa. Mikono inaniuma."

Bi. Nyamizi akaitazama ile mikono. "Umepata," akasema. "Tena ruhusa ya ugonjwa. Twende zahanati, nakutibu mimi. Na huku hurudi mpaka nikuambie."

Malugu akalia pale pale mbele za watu, mtu mzima, rangi ya njano inamchirizika shavuni.

"Ngoja kwanza!" Dakta Pongwa akasimama. "Na ukuta? Waziri anakuja kesho! Fundi, rudi ukamalize upande wa kulia!"

"Mheshimiwa," akasema Bi. Nyamizi, anajitwika sinia, "mfanyakazi wa mtu haelekezwi na mtu baki. Ama na wewe unataka kumwajiri?"

Kamishna akakaa. Wale wawili wakatoka getini, na mpaka wanakata kona nilikuwa nawasikia wanagombania jogoo.

*

Waziri alikuja, akasoma hotuba yake mbele ya jumba lililo njano kushoto na kijani kulia, akasifu ubunifu. Ankara ya Bi. Nyamizi ipo. Karani huja nayo kila asubuhi, na kila asubuhi anaambiwa mwajiri yuko msibani, aje kesho, na kabla hajaondoka anywe chai. Karani hathubutu kuigusa chai hiyo.

Pale getini sasa kuna tangazo: anatafutwa mpaka rangi aliye huru kabisa, aje na kamba yake, chai yake, na mtani wake. Chini yake mtu ameongeza kwa rangi ya njano: na jeneza lake.

Serikali yangu inamsaka aliyeandika. Haina haja ya kumfunga. Inataka tu kujua ni nani aliyemwelekeza.